Joho la Chekechea

Kila ifikapo Novemba, kumbi za harusi jijini Dar es Salaam hupata wateja wa aina nyingine. Watoto wa miaka mitano huvalishwa majoho meusi na kofia bapa zenye kishungi, hupandishwa jukwaani mmoja mmoja kupokea vyeti, na mshereheshaji huwasogezea kipaza sauti wataje miezi ya mwaka kwa Kiingereza. Anayefika Disemba bila kukwama hutuzwa noti mbele ya wazazi. Anayeanza kulia hushushwa upesi. Picha zinafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hata kabla pilau halijapakuliwa, na mjomba aliyeko Mwanza anaandika: "Huyu atakuwa daktari."

Sina ugomvi na pilau, wala na mjomba. Nina ugomvi na imani inayolipia ukumbi ule. Imani yenyewe inasema mtoto hodari ni yule anayewahi: anayewahi kushika penseli, anayewahi kusoma, anayewahi kukaa kimya, na kwamba kila saa anayoitumia uani akichezea mchanga imeibwa kwenye masomo. Imeenea kiasi kwamba hakuna anayehangaika kuitetea. Mzazi husema "mwanangu hana muda wa kucheza, masomo ni mengi," na husema kwa fahari, kama anayetaja bei ya gari lake. Hata wale tunaowaona wapole, wanaosema mtoto aachwe acheze kidogo ili akili ipumzike, wamo humo humo. Nao wanaamini kujifunza kuko darasani, na mchezo ni mapumziko ya kujifunza. Nayapinga makundi yote mawili, na hili la pili ndilo linalonipa kazi zaidi, maana huja kwa sura ya rafiki.

Ratiba ya mhitimu wetu mtarajiwa tunaijua. Saa kumi na moja alfajiri anaamshwa, anavalishwa sare macho yakiwa yamefumba, na nusu saa baadaye gari la shule linapiga honi, kwa sababu dereva ana watoto wengine wa kuwazungukia na foleni haimsubiri mtu. Anarudi jioni na begi linalomzidi kimo, na ndani ya begi mna kazi za nyumbani. Jirani yangu alinionyesha daftari la mwanawe wa miaka minne: kurasa mbili za herufi b. Mstari wa kwanza zimesimama wima. Kufikia wa tano zimeanza kulala. Kwenye wa tisa zimegeuka d, na mwalimu amezipiga kosa moja moja kwa kalamu nyekundu hadi ukingoni mwa karatasi. Ukurasa wa pili b zote zimenyooka tena, vizuri ajabu. Hizo ni za dada wa kazi, aliyemhurumia mtoto akiwa amelalia meza. Chini kuna sahihi ya mzazi.

Mtoto yule amejifunza nini kuhusu herufi b? Kwamba ni adhabu, na kwamba adhabu ikizidi atatokea mtu mzima wa kuimalizia.

Sasa twende uchochoroni, nyuma ya nyumba hiyo hiyo, wanakocheza rede wasichana watatu wasiopanda gari la shule. Wawili wamesimama ncha mbili, mmoja yuko kati. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara na kushonwa mdomo. Wa kati ana chupa tupu ya maji miguuni, na kazi yake ni kuijaza mchanga kwa viganja huku wale wawili wakimrushia mpira mbele na nyuma. Akipigwa, anatoka. Akiijaza kabla hajapigwa, ameshinda. Mtazame anavyoinama. Anatia mchanga, anainua macho, anaona mkono wa mrushaji umerudi nyuma, anaruka, mpira unapita chini ya magoti, anainama tena. Amekwisha kupima muda ambao mwenzake wa upande wa pili atautumia kuuokota mpira, na ndani ya muda huo anapitisha viganja viwili. Anajua cha tatu kitamponza.

Kisha unazuka ugomvi. "Umepigwa!" "Sijapigwa, umegusa sketi tu!" Je, sketi ni mwili? Mwamuzi hayupo. Mtu mzima hayupo. Na wote watatu wanajua kwamba wasipoelewana mchezo umekufa na jioni imeharibika. Kwa hiyo wanatunga sheria palepale: sketi haihesabiwi, lakini kila anayeingia kati aikunje. Nimewahi kuona kamati za harusi zikivunjika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nimeueleza mchezo huu kwa kirefu makusudi, kwa sababu anayesema watoto wale "wanacheza tu" hajawahi kusimama dakika kumi akawatazama. Mwaka 1933, mwaka mmoja kabla kifua kikuu hakijamuua, mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alitoa mhadhara Leningrad kuhusu jambo hili hili. Hoja yake iliwashangaza waliodhani mchezo ni uhuru wa kufanya lolote. Alisema ni kinyume: mtoto hajitawali popote kama anavyojitawala mchezoni. Alitoa mfano wa watoto wanaoshindana mbio. Mwili mzima unataka kuchomoka, lakini mtoto anasimama akingoja ishara, kwa sababu sheria ya mchezo inasema hivyo na yeye mwenyewe ameikubali. Anayeijua kombolela anajua Vygotsky alikuwa anasema nini. Mtoto wa miaka sita amejibanza nyuma ya pipa la maji, mbu wanamng'ata, kicheko kinamkaba, na hatikisiki. Mtoto huyo huyo mwalimu anasema hawezi kutulia dakika mbili darasani.

Kutulia, kungoja zamu, kushika maelekezo mawili kichwani kwa pamoja, kuahirisha unachokitamani: muulize mwalimu yeyote wa darasa la kwanza, atakuambia hayo ndiyo anayoyakosa kwa watoto anaoletewa. Herufi atawafundisha, ndiyo kazi yake. Lakini mtoto aliyezoea kutulizwa kwa fimbo, fimbo ikitoka naye anatoka. Kujizuia kwa hiari hujengwa mahali ambapo mtoto ana sababu yake mwenyewe ya kujizuia, na kwa mtoto wa miaka minne au mitano mahali hapo ni mchezoni.

Kuna mdako pia, ambao tumeuita mchezo wa kike na kwa hiyo hatukuutazama kabisa. Kishimo kidogo, vijiwe vimejaa ndani, kimoja kinarushwa juu. Kikiwa bado hewani mkono unakomba vijiwe vyote nje, unakidaka. Kinarushwa tena, mkono unavirudisha vyote isipokuwa kimoja. Duru inayofuata, isipokuwa viwili. Kisha vitatu. Hiyo ni hesabu ya kutoa, inafanywa kwa vidole bila kuandika popote, muda wote jiwe likiwa angani. Msichana huyu ukimpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza ukamuuliza kwa Kiingereza saba ukitoa mbili, akatumbua macho, unaandika kwenye ripoti kwamba ni dhaifu wa hisabati.

Wazee wetu hawakuwa na dharau hiyo kwa michezo yao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na mabingwa hufuata kete kwa macho mzunguko baada ya mzunguko kabla hawajagusa hata moja. Hapo barazani hakuna anayethubutu kusema wanapoteza muda, isipokuwa wake zao. Heshima yote hiyo tumeiweka kwa wenye mvi, na mjukuu aliyechimba mashimo yake mchangani pembeni ya baraza tunamwambia akasome.

Sasa nisikie upande wa pili, maana una hoja, na baadhi si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni ya tathmini. Uwezo, tathmini iliyoanza kupima watoto Kenya mwaka 2009 kisha Tanzania na Uganda, ilituonyesha aibu ambayo bado haijatutoka: watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Wenye kuwahi wakaruka nayo. Kama hawajui kusoma, wakasema, waanze mapema zaidi, wakae darasani muda mrefu zaidi, wacheze kidogo zaidi. Hoja ina sauti ya akili mpaka uulize watoto wale walikuwa wapi muda wote huo. Hawakuwa uwanjani. Walikuwa darasani, wakiitikia "a, e, i, o, u" kwa pamoja kwa wimbo mmoja, wengine wakifumbua midomo tu, mwalimu mmoja mbele yao, na zipo shule ambako mwalimu huyo wa awali ana watoto zaidi ya 100. Darasa lililoshindwa kumfundisha mtoto kwa miaka mitatu halitafaulu kwa kupewa mwaka wa nne mwanzoni. Litapata mtoto aliyechoka mapema.

Na kuwahi kwenyewe kumepimwa. Nchini New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na wengine, wa shule za Steiner, walioanza kwenye miaka saba. Katika matokeo yaliyochapishwa 2013, walipofika umri wa miaka 11 hivi tofauti ya usomaji ilikuwa imefutika, na walioanza baadaye hawakuwa nyuma hata katika kuelewa walichosoma. Miaka miwili ya penseli haikununua chochote kilichobaki. Sasa fikiria ni nini kingeweza kufanyika katika miaka hiyo miwili.

Hapa niwe wazi, nisije nikawekewa maneno mdomoni. Simo katika kundi linalosema mtoto akiachwa chini ya mwembe atazigundua herufi mwenyewe. Hatazigundua. Herufi zilibuniwa na watu na lazima zifundishwe na mtu anayejua kazi, kwa utaratibu, na nchi yetu ilifanya vema ilipoubadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ukakaza kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ninachokataa ni kuivuta KKK ya miaka sita na saba hadi kwenye miaka mitatu, na kuiita maendeleo.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma, kwa sababu inatolewa na watu wenye nia njema. Inasema mchezo ni anasa ya watoto wa matajiri. Mtoto wa Masaki anaweza kucheza. Ana vitabu nyumbani, wazazi wasomi, na akichelewa kuna twisheni. Mtoto wa Tandale ana shule tu, na kila dakika ya shule akiipoteza amepotea. Anayetetea mchezo hujibu hapa kwa kukimbilia Finland, ambako mtoto huanza shule mwaka anaotimiza miaka saba. Mimi sitakimbilia huko. Finland ni nchi tajiri ya watu milioni tano na nusu na walimu wake wana shahada ya uzamili. Mpinzani akicheka ana haki ya kucheka.

Twende Jamaica. Mwaka 1986, katika mitaa maskini ya Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 wa umri wa miezi 9 hadi 24 waliodumaa. Hao si watoto wa wenye nazo. Hao ni watoto waliokosa lishe mpaka urefu wao ukasema. Waligawanywa. Wengine walipewa nyongeza ya maziwa ya unga. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki na mhudumu wa afya wa jamii, kwa muda wa saa moja hivi, kwa miaka miwili. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote kati ya hivyo. Mhudumu hakuja na daftari. Alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani, akakaa sakafuni na mama, akamwonyesha namna ya kucheza na mwanawe, kuzungumza naye, kumwitikia. Akaviacha vile vitu, na wiki iliyofuata akaja na vingine. Basi, hicho ndicho kilichofanyika.

Miaka 20 baadaye watafiti walirudi wakawapata 105 kati yao, sasa ni watu wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science. Waliochezewa na mama zao walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia majirani zao ambao hawakudumaa kabisa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo. Atakayesema idadi ile ni ndogo ninamkubalia. Lakini anionyeshe majoho na vyeti vya miaka mitano vilivyofuatiliwa miaka 20 vikaleta hata nusu ya hicho. Mtoto wa Masaki akinyimwa mchezo, nyumbani kwao kuna mengine ya kumshikilia. Mtoto wa Tandale akinyimwa, kilichobaki ni kiitikio cha "a, e, i, o, u". Maskini ndiye asiyeweza kumudu kuupoteza mchezo, na hoja ya anasa imesimamishwa kichwa chini miguu juu.

Marekani nako, huko Ypsilanti, jimbo la Michigan, mwaka 1967 watoto 68 wa familia maskini waligawanywa katika namna tatu za shule ya awali, moja ikiwa ya mwalimu kusoma maelekezo na watoto kuitikia, nyingine mbili zikiwaachia watoto nafasi ya kupanga na kucheza. Mwanzoni wote walipanda sawasawa katika vipimo vya akili. Walipofikisha miaka 23, waliolelewa kwa kuitikia ndio waliokuwa wamekamatwa zaidi kwa makosa makubwa na waliokuwa wamehitaji zaidi msaada kwa matatizo ya kihisia. Ni watoto wachache, sijengi nyumba juu yake. Ila wanaouza kiitikio wasituambie kwamba hakina gharama.

Kuna jambo ambalo pande zote za malumbano haya hulipita, nalo ni msichana. Tunapolalamika kwamba watoto hawachezi tena, kichwani tunaona mvulana na mpira wa chandimu. Msichana hakuwahi kuachiwa uwanja. Kuanzia miaka sita au saba, saa ile kaka yake anapotoka na mpira, yeye anaitwa: chota maji, osha vyombo, mbebe mdogo wako. Ndiyo maana michezo yake mingi ni ya mahali padogo na muda mfupi, inayoweza kukatwa katikati mama akiita: mdako kizingitini, kamba uani, rede katika uchochoro wa hatua nane. Nimeona msichana akicheza rede na mtoto mgongoni. Alifungwa mtoto kwa kanga akaingia kati, na wenzake, kwa sheria waliyoitunga wenyewe, wakamrushia polepole. Sasa tumemwongezea na kazi za nyumbani za shule juu ya kazi za nyumbani za kwao, kisha tunashangaa kwamba mvulana "ana kujiamini" na yeye ni mwoga wa kuongea. Kujiamini hakukuanguka kutoka mbinguni. Mvulana alipewa jioni elfu moja za kubishana uwanjani kama goli limeingia au halijaingia.

Wajanja wa biashara wamekwisha kunusa mabadiliko. Shule binafsi sasa zinaandika kwenye vipeperushi kwamba zinafundisha "kwa njia ya michezo", na ukifika unaonyeshwa bembea za plastiki za rangi kali, kapeti la nyasi bandia, na wakati mwingine kufuli kwenye geti dogo la kuingilia, kwa sababu bembea zinatunzwa zisichakae kabla ya siku ya kuandikisha. Ndani, mwalimu anasema "sasa tunacheza mchezo wa herufi A," na watoto wanasimama mstari kugusa herufi A ukutani, mmoja mmoja, kwa amri. Kuugusa ukuta kwa amri ni zoezi, huenda hata ni zoezi zuri. Watoto wangeliacha mara mwalimu akigeuka, na kwangu hicho ndicho kipimo. Kwenye rede mwalimu hayupo na hakuna anayeondoka.

Na simu isihesabiwe. Mzazi aliyemnyima mtoto uani akampa katuni kwenye simu saa tatu asiseme "anacheza gemu". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu au minne aupe mwili wake mwendo kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na skrini isizidi saa moja, ikipungua ni bora zaidi. Kwa ratiba ya gari la shule tuliyoieleza, dakika hizo 180 zinatoka wapi? Labda dereva aliahirishe gari.

Hoja ya tatu ni usalama, na hapa siwezi kumcheka mtu. Mama anayesema hamruhusu mwanawe kutoka nje kwa sababu ya bodaboda, kwa sababu ya mitaro iliyo wazi, kwa sababu ya habari za ukatili kwa watoto anazozisikia kila wiki, hajazua. Lakini angalia tulichokifanya na hofu hiyo. Viwanja vya wazi vya mitaa yetu, vilivyochorwa kwenye ramani, vimeota maduka, gereji na kumbi. Shule za umma zenye uwanja mkubwa zimezungushiwa fremu za biashara upande wa barabarani, na geti linafungwa saa tisa watoto wakitoka, uwanja unabaki na mbuzi mpaka kesho. Hayo yote ni maamuzi ya watu wazima, yana mihtasari na sahihi. Mtoto anafungiwa ndani kwa kosa la diwani na mwenyekiti wa mtaa, na tunaita malezi. Mtaa ukikubaliana wazazi wawili wawili wakae kwa zamu uwanjani jioni, na mwalimu mkuu akaliacha geti wazi mpaka saa kumi na mbili, bajeti haihitajiki. Tunachangishana kwa harusi kila mwezi. Hatushindwi kupangiana zamu.

Serikali nayo, kwa maandishi, iko upande wangu kuliko wazazi wenzangu walivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu chake cha 31 kinataja mchezo kuwa haki. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na katika orodha hiyo hiyo, kucheza na kupumzika. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa vitendo na michezo, katika kona za kujifunzia zenye vifaa anavyovigusa mwenyewe. Mambo yanaharibikia njiani. Katika shule niliyoitembelea, kona ya duka ilikuwa na mizani ya vifuu, maboksi ya sabuni na pakiti tupu za majani ya chai, vimepangwa vizuri juu ya kabati, mahali ambapo mtoto wa miaka mitano hafiki. Vinashushwa, mwalimu aliniambia bila kuficha, anapokuja mthibiti ubora. Simlaumu sana, angevishusha kila siku kwa watoto 100 angevikuta vipande. Mpunguzieni watoto, mpeni msaidizi, kisha tumdai.

Lakini mwalimu hawezi kushinda peke yake dhidi ya mzazi. Machi 2023, serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kelele zilipigwa, kana kwamba mtoto wa miaka mitano kulala nyumbani kwao ni hasara kwa taifa. Mwalimu wa chekechea anayewaacha watoto wajenge nyumba za matope asubuhi nzima atapigiwa simu jioni: mbona daftari la mwanangu ni jeupe? Mmiliki wa shule atasikia, na mwezi ujao matope yatakwisha na kurasa za b zitarudi, kwa sababu ada inalipwa na mwenye kupiga simu. Wamiliki wengi si watu wabaya. Wanauza kinachonunuliwa.

Kwa hiyo neno langu ni kwako mnunuzi. Uandikishaji wa Januari ukikaribia, utazunguka shule mbili tatu ukiwa na kipeperushi mkononi. Usiulize mtoto wa miaka minne ataanza kusoma lini. Omba uende saa nne asubuhi, siku ya kawaida, bila taarifa, na utazame watoto wako wapi, wanafanya nini na mikono yao, na nani kati yao na mwalimu anaongea zaidi. Ukizikuta bembea zimefungwa kufuli na darasa zima linaitikia miezi ya mwaka, rudi nyumbani na ada yako, na uwaambie ofisini ni kwa nini umeondoka.